Hedifoni za besi kwa kiziwi anayependa muziki: nunua hizi, zile achana nazo

Msomaji mmoja kaniandikia akiwa amechukia kweli. Mdogo wake wa kiume ni kiziwi, anapenda amapiano kuliko chakula, basi akamnunulia hedifoni za kampuni kubwa kwa pesa ndefu. Kijana kapanda daladala, kazivaa, kawasha wimbo, simu kaitia mfuko wa shati. Anatikisa kichwa, raha mustarehe. Abiria wote wanamgeukia. Kumbe hedifoni zilishazima chaji, na muziki unalia kwenye spika ya simu, sauti mwisho, unamtetemesha kifuani naye anaona mambo yanakwenda. Na hedifoni zilikuwa zimetoa taarifa kwamba chaji imeisha. Zimeitoa kwa kusema, masikioni mwa mtu asiyesikia.

Hapo ndipo ninaposhikia bango. Hedifoni za Bluetooth karibu zote humwambia mwenyewe kila kitu kwa sauti: zimewaka, zimeunganika, chaji inaisha. Taa ipo, ila ni kinukta tu ukingoni mwa kikombe cha kufunika sikio. Ukishazivaa anaiona jirani yako, wewe huioni. Anayesikia hana shida, muziki ukikata anajua. Kiziwi anasubiri kuambiwa na konda. Kwa hiyo nimezipanga kwa swali moja tu: akiwa amezivaa, atajuaje kama zinafanya kazi? Uzito, rangi na maikrofoni ya kupigia simu tafuteni kwingine.

1. Skullcandy Crusher Evo

Nina upendeleo na sifichi. Ndani ya vikombe vyake kuna kifaa cha ziada ambacho kazi yake ni kutetemesha, na pembeni kuna kitelezi cha kuongeza au kupunguza mtetemo huo peke yake, mbali na kitufe cha sauti. Kipandishe juu, besi inagonga taya na mfupa wa nyuma ya sikio. Swali langu limejibiwa: zikitetemeka, zinafanya kazi, zikinyamaza, tazama simu. Kampuni inasema chaji inakaa hadi saa 40. Wanaosikia huzilalamikia kwamba besi inawafunika waimbaji. Wasizinunue.

Ipo pia Crusher ANC 2 ya mwaka 2023, ambayo bei yake imechangamka zaidi kwa sababu inazuia kelele za nje. Kiziwi kabisa alipie kuzuia kelele zipi?

Tena muziki wenyewe una uzito katika jambo hili. Ngozi ya binadamu huhisi mtetemo hadi kama hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, na huhisi vizuri zaidi karibu na 250. Waya mnene wa gitaa la besi uko kwenye hezi 41 hivi. Ngoma na besi vinafika. Matoazi na noti za juu za fidla havifiki, hata ununue hedifoni za milioni. Ndiyo maana amapiano linamfaa sana kijana wetu: kati ya pigo na pigo kuna nafasi, kila besi inahisiwa peke yake. Singeli, inayokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, inageuka mngurumo mmoja usioisha. Wapenzi wa singeli mtanisamehe.

Jingine ni la usalama. Viziwi wengi wana usikivu kidogo uliobaki, mara nyingi wa sauti nzito, na huo nao unaweza kuharibika. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, ni saa 4 tu. Basi kitelezi juu, sauti chini.

2. Sony ULT Wear

Hizi ni kwa mwenye usikivu uliobaki, hasa anayevaa shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, la nyuma ya sikio. Zilitoka 2024, zina kitufe cha ULT chenye hatua mbili za besi, na vikombe vinalizunguka sikio zima. Kikombe kikilibana shimesikio, sauti inayotoka inarudi kwenye maikrofoni yake na linaanza kupiga mluzi. Wajaribu wote wawili, mnunuzi na msindikizaji, maana mluzi huo mwenye shimesikio huenda asiusikie, utausikia wewe. Kama sikio lake moja ni zuri kuliko jingine, ingia mipangilio ya simu, upande wa ufikivu (Accessibility), uwashe sauti ya mono, ili sauti ileile iende masikio yote mawili. Hazina kifaa cha mtetemo kama za Crusher, ndiyo maana ni za pili.

3. Woojer Strap

Si hedifoni, ni mkanda wa kufunga kifuani au kiunoni, unatetemeka kufuata muziki. Kwa asiyesikia chochote ungeweza kuwa wa kwanza. Ila madukani Dar sijauona, na kuagiza nje kuna mambo yake.

Zile za Shokz zinazopitisha sauti kwenye mfupa, ambazo kila mtu anamshauri kiziwi anunue, ziacheni. Mfupa unaipeleka sauti kwenye sikio la ndani, na viziwi wengi tatizo lao liko hukohuko ndani au kwenye mshipa wa fahamu. Zinamfaa mwenye hitilafu ya sikio la nje au la kati, na hata kwake besi ni nyepesi.

Za bei nafuu: JBL Tune 520BT zinakaa juu ya sikio, shimesikio halipati nafasi. Za elfu ishirini zenye stika ya "Extra Bass", hapana.

Sasa wauzaji wa Kariakoo. Unaingia na kiziwi mtu mzima, pesa ni zake, muuzaji anakuuliza wewe, "Huyu anataka ya rangi gani?" Mwingine anacheka: kiziwi na hedifoni wapi na wapi? Evelyn Glennie wa Uskoti ni kiziwi tangu ana miaka 12, anapiga ngoma jukwaani peku ili ausikie muziki kwa nyayo, na kazi ndiyo hiyo inayomlisha. Halafu wauzaji haohao wanakukatalia kufungua boksi. Crusher feki zipo, na kitelezi chake ni pambo tu. Usilipe kabla kiziwi mwenyewe hajakishika na kuhisi tofauti, kwa simu yake na wimbo wake.

Bei ndiyo usiniulize. Marekani Crusher Evo zilitoka 2020 kwa dola 200. Hapa dola ikipanda, bei inapanda asubuhi hiyohiyo. Ikishuka, unaambiwa dada, huu ni mzigo wa zamani.