Diski ya DVR ya nyumbani inakufa: ipi ununue Dar, kuanzia bora hadi ya kuikimbia

DVR, yaani kisanduku kinachorekodi picha za kamera za ulinzi, ikianza kulia pii-pii, na rekodi za jana zina mapengo ya saa mbilimbili, wa kwanza kulaumiwa ni diski. Mara nyingi kweli ndiyo mkosaji. Lakini kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, kagua adapta na waya.

Diski ya inchi 3.5 hula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Adapta ya volti 12 iliyochoka huishindwa hapo hapo, nawe utasikia tik, kimya, tik, kimya. Pima kwa mita wakati DVR inafanya kazi. Adapta isiyobeba mzigo itakudanganya. Ikisoma chini ya volti 11.4, badilisha adapta kwanza. Kosa lililozoeleka ni fundi kuigawa adapta hiyohiyo ya ampea 2 ilishe DVR na kamera nne. Kamera zipewe umeme wake.

Halafu ingia kwenye menyu ya DVR, upande wa diski, utafute ukurasa wa S.M.A.R.T., ripoti ya afya ya diski. Mistari mitatu inatosha. Namba 5 huhesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) zilizokwisha kuharibika na kuhamishwa, 197 ni zile zinazosuasua, na 199 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao wa DVR. Ikipanda 199 peke yake, shuku waya wa SATA, ule wa data unaounganisha viwili hivyo, au pini zilizoshika kutu, hasa nyumba za Kigamboni na Mbezi Beach zinazopigwa na upepo wa chumvi. Zikipanda 5 na 197 wiki hadi wiki, diski inakwisha. Toa leo rekodi unazozihitaji, uziweke kwenye flashi.

Sasa ukubwa. Kamera moja inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86, hivyo TB 1 itakupa siku 11 na ushee, TB 2 siku 23. Kwa kamera nane gawa siku hizo kwa mbili: TB 2 siku 11, TB 4 siku 23. Kwa familia inayosafiri kwenda mkoani wiki mbili za sikukuu, siku 11 hazitoshi. Unarudi unakuta geti limevunjwa na rekodi ya siku ile imeshafutwa na mpya. Kwa hiyo kwa kamera nne nunua TB 2. Tofauti ya bei kati ya TB 1 na TB 2 mara nyingi si mara mbili, kwa hiyo linganisha bei kwa kila TB. Soma pia mwongozo wa DVR yako, maana za zamani zina kikomo cha ukubwa wa diski zinayoweza kuisoma.

Nafasi ya kwanza ni diski ya kamera, mpya: WD Purple, Seagate SkyHawk au Toshiba S300. Hizi zimeundwa kuandika saa 24 bila kupumzika. Purple na SkyHawk zimekadiriwa kubeba kazi ya TB 180 za data kwa mwaka, na waranti yake ni miaka 3. Siri yake hasa iko kwenye programu ya ndani. Diski ya kompyuta ikikutana na sekta mbovu hung'ang'ana kuisoma tena na tena, kwa sababu faili la ofisini likikosa herufi moja limeharibika. Diski ya kamera haikai hapo; inaacha picha moja ipotee na kuendelea, ili kamera nyingine zisikatike. Kati ya Purple na SkyHawk, chukua ile ambayo namba yake ya utambulisho imekubali kwenye tovuti ya kiwanda, papo hapo dukani, kwa simu yako. Tovuti ikijibu kwamba diski hiyo iliuzwa kama sehemu ya mashine nyingine, ujue haina waranti ya kiwanda, hata kama mfuko wake unang'aa.

Nafasi ya pili, diski za NAS, yaani visanduku vya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao: WD Red Plus na Seagate IronWolf. Nazo zimekusudiwa kukesha, na waranti yake ni miaka 3. Ukizikuta kwa bei ya Purple, usione haya kuzichukua. Angalizo ni WD Red isiyo na neno Plus. Baadhi yake, kama WD20EFAX, hutumia SMR, yaani njia za data zinazopandiana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha kigae cha chini unainua na cha juu, na kwa DVR inayofuta na kuandika usiku kucha hiyo ni adhabu.

Ya tatu ni diski ya kamera iliyotumika, kwa bei ya mtumba kweli. Hapa ndipo watu wanapoumia. Muuzaji wa mtaa wa Aggrey mwenye kompyuta mezani hatakataa ukimwambia kwa upole, "Kaka, tuichomeke kwanza tuone imetembea saa ngapi." Programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ilizowaka. Mwaka mmoja wa kukesha ni saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 35,000 imeshakula miaka minne. Sisi tungeishia 20,000, namba 5 na 197 zikiwa sifuri kabisa. Na sifuri ya saa nayo isikuleweshe: mwanzoni mwa 2025 ziligundulika Ulaya diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya, saa zake zikiwa zimerudishwa sifuri. Kilichozifichua ni kumbukumbu nyingine ya ndani, FARM, inayosomwa na programu ya smartctl toleo la 7.4 au jipya zaidi kwa amri ya smartctl -l farm. Ukiwa na laptopu na kifaa cha kuunganishia diski, nenda navyo.

Ya nne ni diski ya kompyuta ya mezani, mfano Seagate BarraCuda. Ni ya bei rahisi, itawaka, na fundi atakuambia "zote ni sawa tu". Seagate wenyewe wameikadiria TB 55 na saa 2,400 kwa mwaka. Kamera nane kwa hesabu ya hapo juu huandika TB 63, na DVR haizimwi. BarraCuda ya TB 2, ST2000DM008, nayo ni SMR. Iwe ya dharura tu.

Diski ya laptopu, na SSD (diski isiyozunguka) ya bei ya chini, usiziweke.

Popote ununuapo, dai risiti ya EFD, namba ya diski iandikwe juu yake. Bila hiyo, waranti ya mdomo inaishia mlangoni.

Kufunga ni kazi ya dakika 20. Chomoa adapta, geuza DVR, skrubu nne za diski mara nyingi ziko chini. Zikaze hadi zishike, usizikandamize. Badilisha na waya wa SATA wakati huohuo. Washa, ingia kwenye menyu ya diski, uifomati kwa DVR yenyewe na si kwa kompyuta, kisha washa chaguo la kuandika juu ya rekodi za zamani. Likizimwa, DVR itasimama kimya diski ikijaa. Weka saa ya Dar, GMT+3. Rudi kesho yake ucheze rekodi ya saa nane usiku, kamera zote. Kama DVR imefungiwa ndani ya kabati la TV, itoe: joto la Februari humo ndani linaipika diski mpya kama lilivyoipika ya zamani. UPS ndogo ya VA 650 inatosha DVR na ruta umeme unapokatika na kurudi ghafla.

Diski ya zamani usimwachie fundi. Ina sura za watoto wako na saa mnazotoka nyumbani. Toboa sahani zake kwa drili, tundu tatu, ndipo uitupe.