Murakami au Murata: uanze na nani?

Waandishi hawa wawili wa riwaya kutoka Japani wote waliwahi kuandika huku wakihudumia wateja. Haruki Murakami, mzaliwa wa Kyoto mwaka 1949, aliendesha baa ya jazi Tokyo pamoja na mkewe. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1979, aliiandika usiku kwenye meza ya jikoni. Mambo yalipomnyookea, aliiuza baa akashika kalamu tu.

Sayaka Murata, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1979, alikwenda njia nyingine. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa konbini, yale maduka madogo ya Japani ambayo mengi hayafungwi usiku wala mchana. Mwaka 2016 alipata Tuzo ya Akutagawa, tuzo maarufu ya fasihi ya Japani, ambayo Murakami aliishia kupendekezwa mara mbili tu, na bado aliendelea kushika zamu dukani kwa muda.

Tofauti hiyo inaonekana vitabuni. Katika Kafka on the Shore (2002), Murakami anakuletea mzee anayezungumza na paka na samaki wanaoanguka kama mvua. Ni kitabu kinene. Usikianze ukiwa na haraka.

Konbini Ningen (kwa Kiingereza Convenience Store Woman), riwaya ya Murata, ni nyembamba, na hakuna muujiza wowote. Mhusika mkuu, Keiko, ana miaka 36, hajaolewa, ameuza dukani miaka 18. Anaiga mavazi na usemi wa wenzake ili aonekane mtu wa kawaida. Ndugu wanahangaika: ataolewa lini? Atapata kazi ya maana lini? Maswali hayo, nani kwetu hajayasikia? Mimi ningeanza na huyu.