Wiki moja Karibi kwa meli kutoka Galveston: uzoefu wetu na gharama zake

Tangazo lilisema dola 499 kwa mtu: wiki nzima, chakula juu yao, Jamaika, Visiwa vya Cayman na Mexico. Harusi yetu ilifuatiwa na zamu za kazi badala ya fungate, kwa hiyo mimi na mume wangu hatukubishana sana, tukakata tiketi ya Februari. Tunaishi Houston, na bandari ya Galveston ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Hilo liwekeni akilini mnaposoma hesabu zangu, maana anayetoka Minnesota au Ohio itabidi aongeze ndege na hoteli ya usiku wa kuamkia safari. Meli haimsubiri aliyekwamishwa na theluji.

Jina la kampuni sitalitaja. Kampuni kubwa za njia hii zinafanana kwa mengi, na ninayoyalalamikia utayakuta kwenye masharti ya karibu zote.

Nianze na pesa, kwa sababu ndiyo kila mtu ananiuliza. Ile 499 ni bei ya mtu anayelala chumba cha wawili. Ukienda peke yako unalipa karibu nafasi zote mbili. Juu yake zikaja kodi na ada za bandari, kama dola 180 kila mmoja wetu. Kisha bakshishi, ambayo huku haingoji moyo wako: kampuni nyingi sasa zinakata kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, uwe umehudumiwa vizuri au umeshinda umelala. Ongeza maegesho ya gari Galveston, intaneti ya simu moja tuliyokuwa tukipokezana, teksi za visiwani, na kahawa ya maana, kwa sababu ile ya bure ni maji ya moto yenye rangi. Tulipojumlisha nyumbani ikawa dola 2,200 na ushee kwa wawili. Bado sioni kama ni ghali, maana wiki ya hoteli nzuri hapa Texas na kula nje kila siku ingetuzidi. Ila anayepanda na dola elfu moja akidhani amemaliza, ataumbuka.

Kifurushi cha vinywaji tulikikataa. Sharti lao lilikuwa kwamba mtu mzima mmoja wa chumbani akinunua cha pombe, na mwenzake lazima anunue. Mimi sinywi, mume wangu anakunywa bia moja akiangalia mpira. Mlifikirie hilo kabla ya kushawishiwa na kijana mwenye tabasamu pale mlangoni.

Siku ya kuondoka kulikuwa na ukungu, jambo la kawaida Galveston wakati wa baridi. Marubani wa bandari wanafunga mkondo, na meli inayorudi inakaa nje ikisubiri, nanyi mnakaa ukumbini mkisubiri inayosubiri. Tulipanda jioni sana. Hakuna wa kulaumiwa, ila kama una watoto wabebee chakula.

Chumba chetu kilikuwa cha ndani, hakina dirisha, mbele kabisa ya meli na ghorofa ya juu, kwa sababu ndicho kilichokuwa rahisi. Mimi mtoto wa Tanga nimekua nikisikia kwamba uendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tulikuwa omo, yaani mbele, lakini giza lilikuwa la ngamani kabisa, tumboni mwa chombo: ukizima taa hujui kama ni saa saba ya mchana au ya usiku. Nililala usingizi wa pono. Mume wangu, mzaliwa wa Arusha, hakulala. Februari pepo za kaskazini zinapovuma Ghuba ya Mexico, omo hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote ya meli, na kadiri ulivyo juu ndivyo unavyoyumba zaidi. Alitapika mpaka akaniomba nimsomee dua. Mapokezi walitupa vidonge bila malipo, wahudumu wakaleta matofaa ya kijani na chai ya tangawizi, na kesho yake mchana akawa mtu tena. Kama mmoja wenu tumbo lake si la bahari, lipeni zaidi kidogo mpate chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini.

Kabla ya kung'oa nanga kuna zoezi la usalama. Siku hizi unaangalia video kwenye simu, halafu unakwenda kituo chako wakuonyeshe jaketi okozi na mahali pa kukusanyika. Niliona watu wakilifanya huku wamekodolea macho baa. Sheria ya kulifanya kabla ya kuondoka ilikazwa baada ya Costa Concordia kulala ubavu Italia Januari 2012, wakafa watu 32, huku abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hawajafanya zoezi. Mimi lakini sikuhitaji mfano wa Italia. Aliyekua Tanzania akisikia habari za kuzama kwa MV Bukoba 1996, kisha Spice Islander 2011, kisha MV Nyerere 2018, anasikiliza mpaka neno la mwisho. Nilimshika mume wangu mkono tukatembea kwa miguu kutoka chumbani hadi kituoni, tukahesabu ngazi.

Sasa maisha ya ndani. Huduma ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, na hapo sina la kupunguza. Mhudumu wa meza yetu, Mwindonesia, alishika majina yetu jioni ya kwanza, na nilipomwambia sili nguruwe akawa ananionyesha kila sahani yenye nguruwe kabla sijauliza. Kuhusu nyama ya halali, ulizeni kabla ya kusafiri; sisi tulipata kwa kuomba mapema, lakini uchaguzi ulikuwa mdogo, nikaishia kula samaki karibu kila siku, jambo ambalo kwa mtu wa Tanga si adhabu. Bufee ni vurugu: watu zaidi ya elfu nne melini, wote wanataka mayai saa tatu. Ukumbi rasmi wa chakula, wenye kukaa na kuhudumiwa, hauna malipo ya ziada na una utulivu. Viti vya kulalia kando ya bwawa vinawekewa taulo alfajiri na watu wanaorudi kulala. Nimewaona.

Mume wangu aliona kitu kingine: nyuma ya meli pameandikwa Nassau, ilhali njia yetu haikugusa Bahama hata kidogo. Meli nyingi za aina hii zimesajiliwa Bahama au Panama ingawa abiria na ofisi ziko Marekani. Usajili huo unaziweka nje ya sehemu kubwa ya sheria za kazi za Marekani, na mishahara ya wahudumu hupangwa hivyo. Baada ya kulijua hilo sikunung'unikia tena bakshishi. Tulimwongezea yule Mwindonesia mkononi.

Siku mbili za kwanza ni bahari tupu mpaka Jamaika, na hapo ndipo meli inapofanya biashara. Wapiga picha, mnada wa michoro, kasino, na mihadhara ya 'ununuzi bandarini'. Tuliingia mmoja kwa uvivu tu, tukakuta mada ni tanzanite.

Mhadhiri alieleza kwa sauti ya msibani kwamba jiwe hili linapatikana mahali pamoja tu duniani, chini ya Kilimanjaro, na litakwisha, kwa hiyo nunueni kesho kutwa kwenye maduka yenye alama hii. Mpaka hapo uongo haukuwepo, kuna haraka tu. Kisha ikaja hadithi ya radi iliyochoma nyasi na wachungaji wa Kimasai waliokuta mawe yamegeuka bluu. Mume wangu alikaa wima. Mjomba wake alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, kwenye machimbo ya tanzanite ya Mirerani miaka mingi. Utotoni alizoea kumwona akirudi mweupe kwa vumbi, mara nyingi bila kitu. 'Mbona Jumanne Ngoma hatajwi?' akaniuliza kwa sauti ambayo safu mbili za mbele ziligeuka. Ngoma ndiye serikali yetu ilimtambua kuwa mgunduzi wa mwaka 1967. Jina la tanzanite lilitoka kampuni ya vito ya Tiffany, New York, mwaka uliofuata. Wala haukutajwa ukuta wa kilomita 24 uliozungushiwa machimbo mwaka 2018 kuzuia utoroshaji, wala mchimbaji Saniniu Laizer, aliyeuza serikalini mawe mawili Juni 2020 kwa shilingi bilioni 7.74. Kwangu hizo zingekuwa hadithi tamu zaidi ya radi.

Mjue pia kwamba maduka 'yanayopendekezwa' hulipia kupendekezwa. Na bluu ile, kwa mawe mengi, ni kazi ya moto: yanatoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, yanachomwa. Si wizi, ila muuzaji akisema rangi ni ya asili, muombe cheti.

Falmouth, kituo chetu cha Jamaika, ndipo safari ilipolipa. Nisimulie nikijua kwamba tulifika kabla ya kimbunga Melissa kilichoipiga Jamaika Oktoba 2025, kwa hiyo hali ya sasa waulizeni waliotoka huko karibuni. Bandari ya meli ilifunguliwa 2011, na imezungushiwa uzio. Ndani kuna maduka yale yale unayoyakuta kila kituo. Abiria wengi hawatoki. Sisi tulitoka, tukapita katikati ya wapiga debe wa teksi (mtu aliyezoea stendi ya Ubungo hatishiki hapo) na kuchagua gari lenye namba nyekundu, ambazo ndizo za magari yenye leseni ya abiria. Bei tulikubaliana kabla ya kufungua mlango.

Mji ulianzishwa 1769 na ulitajirika kwa sukari na watumwa. Nyumba za mawe za enzi hiyo bado zipo, nyingine zimekarabatiwa, nyingine zinaanguka zenyewe. Dereva alituonyesha, akatukumbusha kwa fahari kwamba Usain Bolt ni mtu wa wilaya hiyo hiyo ya Trelawny, kisha akatupeleka mto Martha Brae. Pale mnakaa wawili kwenye chelezo cha mianzi, mbele yenu mzee anasukuma kwa pondo, maji ya kijani, hakuna injini. Kwa wanandoa sijui kitu kizuri kuliko hicho, na tulilipa kando ya mto pungufu ya bei ya melini.

Chakula cha mchana kilinimaliza. Wali wa maharage uliopikwa kwa tui la nazi. Mchicha. Shelisheli la kuchoma, ganda jeusi, ndani laini, sawasawa na la kwetu. Mama muuzaji alishangaa nilivyolimenya bila kuuliza. Lilifika Jamaika mwaka 1793 na meli ya William Bligh kutoka Tahiti, liwe chakula rahisi cha watumwa mashambani. Leo hakuna anayelila kwa kulazimishwa. Niliomba la pili.

Cayman hatukuiona. Yaani tuliiona, pale pale, nyumba na minazi. George Town, mji wake mkuu, haina gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, na wananchi wenyewe walipopigia kura suala la kujenga gati Aprili 2025, wengi walikataa. Asubuhi ile upepo ulikuwa mbaya. Watu walianza kufoka kwamba mawimbi yenyewe madogo. Mimi nilitazama boti ya kwanza ilivyokuwa ikigonga ubavu wa meli ikipanda na kushuka, nikarudi kunywa chai. Nahodha alighairi, sawasawa na mkataba unavyomruhusu. Tulirudishiwa ada ya bandari tu, dola chache. Ukikata safari kwa ajili ya kisiwa kimoja maalumu, jua kwamba hukuahidiwa kisiwa.

Cozumel, kisiwa chetu cha Mexico, nitaipita haraka. Maji ni mazuri mno na ukipenda kuchungulia matumbawe utafurahi. Sisi tulikwenda San Gervasio, magofu ya Wamaya ambako wanawake walihiji kwa mungu wao wa uzazi, Ixchel. Nilimtumia shangazi picha. Alijibu, 'Sasa tusubiri?' Jioni mjini mume wangu aliingia duka la vito, akamwambia muuzaji kwamba anatoka Arusha. Jamaa aliita wenzake watatu waje wamwone. Hatukununua, lakini tuliondoka tukiwa tumewafundisha kutamka Mirerani.

Kwa wenye pasipoti za kwetu: Mexico haidai viza kwa mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, lakini kila nchi ina masharti yake, na mkikosa karatasi moja mnazuiwa Galveston, na hela hazirudi. Msiwasikilize marafiki Wamarekani wanaosema cheti cha kuzaliwa kinatosha. Hicho ni chao.

Usiku wa mwisho pitieni bili kabla ya foleni ya asubuhi. Yetu ilikuwa na vinywaji ambavyo hatukuviagiza. Mapokezi waliviondoa bila ubishi, jambo lililonifanya nijiulize wangapi hawaangalii.

Mume wangu sasa anataka mara ijayo iwe ndege, Jamaika tu, wiki nzima nje ya uzio. Mimi nataka meli ile ile, chumba cha katikati chenye dirisha. Arbuni ya bei rahisi hairudishwi, kwa hiyo bado hatujalipa popote.