Nta ya soya kwa mishumaa midogo ya glasi: ipi ununue, ipi uiache

Wengi wanaoanza kutengeneza mishumaa ya soya nyumbani huuliza kwanza bei ya kilo. Bei ina nafasi yake, lakini kabla ya kufika huko amua jambo moja: mshumaa wako utatolewa kwenye kalibu, au utabaki kwenye chombo ulimomiminwa? Nta ya kazi moja haifai kwa nyingine, hata kama mifuko yote miwili imeandikwa soya.

Mishumaa ninayoizungumzia ni ile mifupi minene, kipenyo sentimita 5 hivi, uzito karibu gramu 60, ambayo Wakatoliki wameizoea ikiwaka kwa safu mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Humiminwa kwenye kalibu ya bati, ikishaganda hutolewa, kisha huwekwa ndani ya glasi inayoibana. Ukiiwasha huyeyuka yote, ikaijaza glasi, na utambi ukaendelea kuvuta mafuta hayo mpaka mwisho. Ukiiweka kwenye kisahani tu itamwagika. Nta yake basi lazima iwe ngumu kiasi cha kuachia kalibu bila kumeguka, na iwe laini kiasi cha kuyeyuka mpaka ukingoni.

Kwa sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa kuna jambo la pili, nalo ni joto. Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyotiwa haidrojeni mpaka yakaganda, na kwa asili yake ni laini. Nyuzi 32 za kivulini hazitaiyeyusha, lakini zitaifanya itoe jasho la mafuta juu na ishike alama za vidole. Ndani ya gari lililoegeshwa juani hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo kwenye mfuko tafuta kwanza kiwango cha kuyeyuka, halafu ndiyo uangalie mengine.

Nafasi ya kwanza: soya ya kalibu

Hii ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi yenyewe. EcoSoya Pillar Blend ndiyo inayojulikana zaidi. Nyingine ni KeraSoy ya aina ya Pillar, kutoka Uingereza. Huyeyuka kwenye nyuzi 50 na kitu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba husinyaa inapopoa. Ukiigeuza kalibu na kuigonga kidogo mezani, mshumaa hudondoka wenyewe. Kusinyaa huko huacha shimo katikati, karibu na utambi, kwa hiyo bakiza nta kidogo ya kumimina mara ya pili. Ukishazoea, hilo si usumbufu.

Kilo moja hutoa mishumaa kama 16. Ukitia manukato kwa asilimia 6, hiyo ni gramu 60 kwa kilo, nayo yanatosha kwa chumba cha kawaida. Usidhani manukato mengi zaidi ni bora: yakizidi uwezo wa nta hujitenga na kutoka juu kama matone.

Nafasi ya pili: soya ya vyombo pamoja na nta ya nyuki

Soya ya kalibu haipatikani kila duka, na kuagiza kutoka nje ni gharama. Hapa ndipo nchi yetu inapotusaidia. Mmarekani Michael Richards, aliyeanzisha nta ya soya huko Iowa mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwa anatafuta mbadala wa bei nafuu wa nta ya nyuki. Sisi nta ya nyuki tunayo, Tabora na Singida, na huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65. Ukichanganya gramu 150 za nta ya nyuki iliyochujwa vizuri na gramu 850 za soya ya vyombo, unapata mshumaa mgumu unaostahimili joto la Pwani. Mimi naupenda mchanganyiko huu kuliko unavyostahili cheo chake. Nauweka wa pili kwa sababu mbili tu: harufu ya asali hufunika manukato mepesi, na utambi itabidi uupandishe saizi moja au mbili.

Nafasi ya tatu: Golden Wax 444

Hii ni soya ya vyombo, ila ngumu kidogo, huyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi. Inunue ikiwa umeamua kumimina moja kwa moja kwenye glasi na kuuacha mshumaa humo. Kwa kalibu itakusumbua.

Nafasi ya nne: Golden Wax 464

Ndiyo maarufu kuliko zote, na kwa chombo kikubwa sifa zake ni za haki: hubeba manukato vizuri na uso wake hutoka laini. Lakini huyeyuka kwenye nyuzi 46 hadi 48 na hung'ang'ania kalibu. Kwa mshumaa huu, iache.

Usinunue kabisa mfuko ulioandikwa tu kwamba ni nta ya soya, bila jina la aina wala kiwango cha kuyeyuka. Unaweza kuwa soya tupu, unaweza kuwa na parafini. Parafini si dhambi, ila mnunuzi wako akiuliza, huna la kumjibu.

Dukani, omba uguse. Chukua chembe mbili tatu uzibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Nta ya kalibu hukatika kavu. Ya vyombo hupakaa na kuacha ngozi inang'aa kama iliyopakwa losheni. Kisha inuse. Nta nzuri karibu haina harufu. Ikinuka mafuta ya kupikia yaliyochacha, imekaa sana. Chembe zilizoshikana zikawa bonge zisikutishe, ni joto la safarini, na zitayeyuka kama kawaida. Utando mweupe kama unga juu ya mshumaa ulioganda nao ni tabia ya soya, si uchakavu, na usipotia rangi hauonekani sana.

Anza na kilo mbili, siyo gunia, na ununue tambi za pamba za saizi tatu pamoja nazo, maana soya huhitaji utambi mnene kuliko parafini. Tengeneza mmoja kwa kila saizi, uache wiki moja ukomae, kisha uwashe yote mitatu siku moja. Mwingine usiowashwa uweke juu ya kabati lenye joto kuliko yote nyumbani, jikoni kwa kawaida, kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukiukuta mkavu na umesimama wima, rudi dukani uchukue kilo 20.