Kufungua sivi jointi Ilala: gereji inayomwonyesha mteja chuma kabla ya kumtuma dukani

Gereji nyingi za Dar es Salaam, zikisikia gari linagonga mfululizo linapokata kona, huwa na jibu moja tu, nalo ni kununua sivi jointi mpya, yaani kile kiungo cha shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Gereji ninayoitathmini hapa iko upande wa Ilala, mwendo mfupi kutoka maduka ya spea ya Gerezani, na utaratibu wake ni mwingine: mteja hatumwi dukani mpaka jointi ifunguliwe, ioshwe na iwekwe mezani aione mwenyewe. Nilipeleka Toyota IST ambayo raba buti zake za nje, yaani vifuniko vya mpira vinavyotunza grisi ya jointi, zilikuwa zimepasuka pande zote mbili na kutapanya grisi ndani ya rimu, ingawa gari lilikuwa bado halijaanza kugonga. Nimekaa hadi kazi ikaisha, na ninaona kwamba huduma hii inafaa sana kwa tatizo la aina hiyo, lakini kwa jointi ambayo tayari inagonga ni upotevu wa fedha.

Sababu iko ndani ya jointi yenyewe. Jointi ya nje, ile iliyo karibu na gurudumu, ina kikombe, kitovu chenye mifereji, keji (pete yenye madirisha ya kushikilia gololi) na gololi sita, muundo uliobuniwa na Alfred Rzeppa mwaka 1926, nao ndio unaoruhusu gurudumu la mbele kuendeshwa na injini huku likigeuka na usukani bila mwendo wake kushtukashtuka. Chuma chake ni kigumu na hudumu miaka mingi ikiwa grisi imebaki safi, kwa hiyo kinachoiua kwa kawaida ni raba kupasuka, kisha mchanga na maji kuingia na kugeuka msasa kati ya gololi na mifereji. Kwa anayepita kila siku barabara za ndani za Goba, Madale au Kinyerezi wakati wa masika, raba iliyopasuka si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Kazi ilianza vizuri. Nati ya habu, ile inayobana ncha ya shafti kwenye gurudumu, ililegezwa magurudumu yakiwa bado yamekanyaga ardhi, baada ya fundi kuinua kwa tindo nyembamba ile sehemu ya nati iliyopondwa kuingia kwenye mfereji wa shafti. Hatua hiyo hurukwa na mafundi wengi, na nyuzi za shafti ndizo hulipa gharama. Upande wa giaboksi aliweka chombo cha kukinga oili, kisha akaing'oa shafti kwa kutia chuma bapa nyuma ya kikombe cha jointi ya ndani. Hakuivuta kwa kushika katikati, kwa sababu jointi ya ndani huteleza kuingia na kutoka, na ukiivuta hivyo inaweza kuachana ndani ya raba huku kikombe kikiwa kimebaki kwenye giaboksi.

Jointi ya nje ya kushoto ilikuwa imewahi kubadilishwa na mmiliki wa awali, hivyo ilikuwa ya aina inayoshikiliwa na pete ndogo ya chuma kwenye ncha ya shafti. Fundi aliibana shafti kwenye vaisi iliyovikwa vipande vya mbao, akaweka kipande cha shaba kwenye kitovu, akapiga nyundo mara chache na jointi ikatoka nzima. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu gereji hii. Kabla ya kugusa gololi yoyote alipiga alama za rangi kwenye kikombe, keji na kitovu, ili kila kipande kirudi mahali kilipozoeana na mwenzake. Kisha alikiinamisha kitovu pamoja na keji mpaka dirisha moja likajitokeza juu ya ukingo wa kikombe, akatoa gololi ya kwanza, akainamisha upande wa pili, na kuendelea hivyo hadi zikaisha, kila moja ikiwekwa kwa mpangilio ndani ya trei ya mayai. Keji tupu aliigeuza ikasimama wima ndani ya kikombe, madirisha yake yakielekea kwenye kuta zilizo kati ya mifereji, ikatoka bila kulazimishwa.

Vipande vyote vilioshwa kwa mafuta ya taa, vikakaushwa, vikamulikwa kwa tochi. Kipimo chao ni rahisi na ninakikubali: mng'aro wa njia ya gololi ni uchakavu wa kawaida, lakini ukucha ukinasa kwenye shimo au kwenye ngazi ndani ya mfereji, au dirisha la keji likiwa limepanuka, jointi hiyo haifai kurudishwa. Yangu ilipita. Jirani yangu wa siku hiyo, mwenye Rav4 iliyokuwa ikigonga kwa muda mrefu, alionyeshwa mifereji iliyochimbika, akaelekezwa Kariakoo bila kubembelezwa, lakini ufundi wa kufungua na kuosha aliulipa.

Upande wa kulia ulikuwa na shafti ya kiwandani, na Toyota kwa magari yake mengi madogo huelekeza jointi ya nje isifunguliwe. Fundi hakubishana na jambo hilo. Alifungua jointi ya ndani, yaani tripodi yenye matawi matatu na rola zake, akaweka alama ya namna inavyokaa kwenye shafti, akazifunga rola kwa utepe zisimwage sindano zake (vyuma vyembamba vya beringi vilivyo ndani yake), kisha akaipitisha raba mpya ya nje kutokea huko. Ni njia ndefu zaidi, na si kila fundi angekubali kuifuata kwa bei ileile.

Kasoro zipo. Grisi waliyotaka kutumia kwanza ilitoka kwenye ndoo ya grisi ya beringi, ilhali jointi hizi zinahitaji grisi nyeusi yenye molibdenamu, ambayo kwa kawaida huja kwenye pakiti pamoja na raba, nililazimika kusisitiza. Koleo lao la kubania bendi, yaani mkanda wa chuma unaoifunga raba, limechakaa, na bendi moja ilirudiwa. Kubwa kuliko yote, hawana spana ya kupimia mkazo. Nati ya habu ya magari haya huhitaji zaidi ya nyutoni mita 200, nao waliikaza kwa bomba refu na mazoea, tena walitaka kurudisha nati ya zamani iliyokwisha kupondwa. Nilinunua mpya kwa fedha ndogo, na kesho yake nikapitia gereji nyingine yenye kipimo kuhakiki mkazo. Gereji inayopanga gololi kwa uangalifu namna ile haina kisingizio cha kukosa kifaa hicho.

Ufundi wa pande zote mbili pamoja na raba ulinigharimu chini ya bei ya jointi moja mpya ya nje niliyotajiwa dukani, na oili ya giaboksi iliyopungua waliijazia baada ya kuniuliza aina yake. Gari halitikisiki likiongeza mwendo, na usukani ukikatwa hadi mwisho hakuna mlio. Anayekwenda huko abebe raba zenye pakiti zake za grisi na nati mpya mbili, na afike asubuhi, kwa kuwa meza ya kufungulia ni moja na fundi mwenye mkono huo ni mmoja.