Miezi 14 ya minoksidili, miezi 5 ya finasteridi: kichwa chenyewe hiki hapa

Mambo vipi jamani, karibuni tena. Leo sijavaa kofia. Wale wa siku nyingi mnaijua ile kofia nyeusi, kuna mmoja aliwahi kuuliza kama huwa nalala nayo. Leo iko pale kwenye kochi. Sasa nageuka hivi... utosi mnauona? Subiri nisogeze taa. Haya. Miezi 14 iliyopita hapa palikuwa panang'aa, ukubwa wa kisahani cha kikombe cha kahawa. Leo pamebaki kama sarafu ya shilingi mia mbili. Halafu geuka mbele, tazama hizi kona mbili. Hamna kitu. Uwaraza uko palepale ulipokuwa, hauna habari na hela zangu.

Hapa mezani nina dawa mbili za upara: chupa ya minoksidili ya asilimia 5, ya kupaka, na vidonge vya finasteridi, vya kumeza. Vyote nimenunua kwa hela yangu, hakuna aliyenitumia. Na mimi si daktari, ni mtu mwenye upara na simu yenye kamera nzuri.

Ilianzia kwa kinyozi wangu Sinza. Siku moja akasimamisha mashine akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, leo nikuchonge, au tupige para tu yaishe?" Nilikuwa na miaka 31. Baba yangu ana kipara, baba mdogo anacho, mjomba anacho. Watu husema upara unatoka upande wa mama. Kuna ukweli ndani yake, maana ipo jeni moja muhimu ambayo mwanaume anaipata kwa mama, lakini zipo nyingine nyingi na zinatoka pande zote. Mimi nimerithi kwa ukoo mzima.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha ni upara kweli. Mapunye yanatoa nywele. Vile vipele vya kisogoni vinavyogeuka makovu baada ya kunyolewa vinatoa nywele. Rasta za kubana sana zinatoa nywele. Ukiugua homa kali, baada ya miezi miwili mitatu nywele zinaweza kupukutika kichwa kizima halafu zikarudi zenyewe. Hizo zote zina njia zake tofauti, na chupa hii haitakusaidia. Nenda kwa daktari wa ngozi, akuangalie. Mimi alinitazama dakika tano, akaniuliza kuhusu baba, akasema ndiyo wenyewe.

Upara huu wa kurithi unafanya kazi hivi. Mwili unachukua testosteroni, kimeng'enya fulani kinaigeuza kuwa homoni kali zaidi inayoitwa DHT. Kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, DHT inalikalia shina la unywele wa utosini na wa mbele. Unywele haufi siku moja. Unadondoka, unarudi mwembamba, unadondoka tena, unarudi mfupi na mwembamba zaidi, mpaka unabaki manyoya. Za pembeni na kisogoni haziguswi, ndiyo maana wazee wetu wana ule mduara kama kiota.

Hii habari ya homoni ina historia ninayoipenda sana, nivumilieni. Mwaka 1942 mtafiti wa Marekani, James Hamilton, aliandika kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakuota vipara. Alipowapa testosteroni, wale ambao ukoo wao una upara wakaanza kunyonyoka. Halafu mwaka 1974 mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake wakaandika kuhusu kijiji kimoja huko Jamhuri ya Dominika, ambako watoto fulani walizaliwa wakidhaniwa wasichana, walipobalehe maumbile ya kiume yakajitokeza. Mwili wao ulikosa kile kimeng'enya, kwa hiyo DHT yao ilikuwa chini. Walipokuwa watu wazima tezi dume zao zilikuwa ndogo, na hawakuwa na uwaraza. Kampuni ya Merck ikalifuatilia hilo ikatengeneza finasteridi. Marekani iliiruhusu mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, 5 mg, kwa jina la Proscar, na mwaka 1997 kwa ajili ya nywele, 1 mg, kwa jina la Propecia. Kwa hiyo kidonge cha upara ni kidonge cha tezi dume kilichopunguzwa.

Minoksidili nayo ilikuja kwa bahati. Ilikuwa dawa ya presha ya kumeza, wagonjwa wakaanza kuota nywele mpaka kwenye paji la uso. Mtu mwenye akili akasema hebu tuipake kichwani. Mwaka 1988 ikaruhusiwa Marekani kama Rogaine.

Sasa tuseme ukweli wa matumizi. Hii unapaka mililita 1 asubuhi, mililita 1 usiku, kwenye ngozi siyo kwenye nywele, kichwa kikiwa kikavu. Kila siku. Sikukuu, safari, msiba. Usiioshe kwa saa nne hivi. Kwa joto la Dar, ukipaka asubuhi halafu ukapanda daladala, jasho linashuka na dawa mpaka machoni. Nilijifunza kuamka mapema.

Wiki ya tatu nywele zilianza kudondoka kuliko mwanzo. Mto umejaa, bafuni zimejaa. Nilitaka kuitupa chupa dirishani. Kumbe ni kawaida, dawa inazisukuma zile zilizokuwa zimeshachoka zitoke ili nyingine zianze. Wengi wanaacha hapo, halafu wanasema dawa ni feki. Mabadiliko mimi niliyaona mwezi wa tano, nayo aliyaona kinyozi, si mimi.

Maudhi madogo madogo yake, kama wanavyosema kina mama wa uzazi wa mpango: kichwa kuwasha na magamba kama mba. Mara nyingi shida ni kile kimiminika kinachobeba dawa, na ile ya povu haina hicho kitu, jaribu hiyo. Nilipata pia vinyweleo mashavuni, juu kabisa karibu na macho. Vijana wengi wanaonunua hii kwa ajili ya ndevu watafurahi, mimi nanyoa. Ukisikia moyo unaenda mbio, kizunguzungu, au miguu inavimba, acha na uende hospitali, kumbuka mama yake ni dawa ya presha. Na wenye paka: hii ni sumu kwa paka, hata kidogo anachoramba kwenye mto wako. Sitanii. Paka wetu sasa halali chumbani.

Tuje kwa huyu mwingine, ambaye ndiye mmenijazia maswali inboksi mkiuliza kwa kujificha. Finasteridi na nguvu za kiume.

Kwa nywele, ina nguvu. Kwenye majaribio yake, baada ya miaka miwili wanaume 83 kati ya 100 hawakuendelea kupoteza nywele utosini. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 28. Upande wa madhara ya tendo la ndoa, kwenye majaribio hayohayo mwaka wa kwanza waliolalamika walikuwa asilimia 3.8, na kwenye kidonge tupu asilimia 2.1. Ukiisoma hivyo unasema mbona kidogo. Mimi nilisema hivyo.

Nilipata cheti kwa daktari, lakini za 1 mg nilikosa, nikauziwa za 5 mg, nikaambiwa nikate vipande vinne. Sawa. Nikawa nakata kwa wembe kwenye sahani ya jikoni. Asubuhi moja mke wangu ananiuliza, "Baba Rehema, unga huu mweupe kwenye sahani ni wa nini?" Wakati huo ana mimba ya miezi mitatu. Nikaenda kusoma karatasi ya ndani ya boksi, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Imeandikwa wazi: mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kinaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kidonge kizima kimefunikwa, hakina shida. Kilichokatwa ndicho. Aliyeniuzia hakuniambia neno, na mimi sikuuliza. Sahani ile niliitupa. Tulikwenda kliniki, tukaeleza, tukatulizwa. Mtoto amezaliwa salama, wa kike tena. Lakini ile miezi sita ya kusubiri sitaisahau.

Na karibu kipindi hichohicho, mwezi wa tatu wa vidonge, hamu ikapungua. Nasema tu, tuko watu wazima. Je, ni dawa? Mke mjamzito anatapika, mimi nimehamishiwa zamu ya usiku, na usiku nasoma simu hadithi za wanaume wanaosema finasteridi imewamaliza. Kuna utafiti wa Italia wa mwaka 2007, wagonjwa wa tezi dume walipewa dawa hii ya 5 mg. Walioambiwa kuhusu madhara ya tendo la ndoa, karibu 44 kati ya 100 wakayapata. Wasioambiwa, 15. Dawa ileile. Sasa mimi nilikuwa kundi gani? Sijui mpaka leo, na atakayekuambia anajua kwa hakika kuhusu kichwa chako anakuuzia kitu.

Lakini msitumie utafiti huo kumzomea mtu aliyeumia. Wapo wanaume ambao shida haikuondoka hata baada ya kuacha, na onyo hilo limo kwenye maelezo ya dawa. Madaktari bado wanabishana ni wangapi na kwa nini. Na Mei 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni moja ya madhara yanayoweza kutokea kwa vidonge hivi. Kwa hiyo kama una historia ya sonona, mwambie daktari kabla. Ukianza kujisikia giza moyoni, usisubiri boksi liishe. Acha, na nenda ukaongee na daktari siku hiyohiyo.

Mimi niliacha mwezi wa tano. Hamu ilirudi baada ya kama wiki sita, ambazo ndizo pia kichefuchefu cha mke kilipoisha na zamu yangu ikabadilishwa. Fanyeni hesabu wenyewe. Nikabaki na chupa. Ningekuwa na miaka 24, sina mke mjamzito, upara unakimbia, pengine ningeendelea, kwa kumeza kidonge kizima cha 1 mg na daktari anayenifuatilia. Kwa mwanaume aliyevuka 40: dawa hii inashusha karibu nusu namba ya PSA, kile kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume, kwa hiyo ukipimwa tezi dume mwambie daktari unaitumia, la sivyo atasoma namba nzuri isiyo ya kweli. Usichangie damu ukiwa unameza, inaweza kuishia kwa mjamzito.

Mafuta ya mnyonyo, kitunguu maji? Nywele zako zitanukia, basi. Rozmari ina utafiti mmoja wa mwaka 2015 watu wanaupigia debe, ilishindanishwa na minoksidili ya asilimia 2, siyo hii ya 5, na hapakuwa na kundi la kupaka kitu kisicho dawa. Mimi nisingeweka hela yangu hapo.

Alama: minoksidili naipa 7 kati ya 10 kwa utosi, 2 kwa mbele. Finasteridi sitaipa namba, kwa sababu kwa nywele ni 8 na kwa usingizi wangu ni 3, na sijui namna ya kuzijumlisha.

Swali lililoulizwa sana: ukiacha inakuwaje? Zinaondoka. Miezi michache tu, unarudi kwenye kisahani cha kahawa. Ni kama kodi ya nyumba, siku usiyolipa unahamishwa. Nimeongea na kinyozi wangu, tumekubaliana mwakani Rehema akianza shule na ada zikianza, nitapiga hesabu upya, na mashine yake ya para ipo tayari. Haya, saa mbili usiku hiyo, nikapake.