Uzoefu wangu na From Tokyo to You, santuri ya Cheap Trick iliyotengenezwa kwa ajili ya redio tu

Nina miezi mitatu nayo sasa, nimeisikiliza ya kutosha, naweza kuiongelea. Kwa ambao hamjawahi kuiona, hii ni santuri ya Cheap Trick, bendi ya roki ya Marekani, ambayo kampuni yao ya Epic waliitoa 1978 huku Marekani, nyimbo saba tu, zote laivu kutoka Tokyo, na haikuwekwa dukani hata siku moja, ilitumwa kwenye stesheni za redio basi. Mi naishi Illinois, jimbo walikotokea hawa jamaa, mji wao Rockford uko kama kilomita 140 kutoka Chicago, kwa hiyo huku kuikuta sio muujiza, ila kuikuta nzima ndo shughuli.

Nililipa dola 38 na ya kutuma juu. Bei hiyo naona ni haki.

Kwanza niseme ilitokeaje maana bila hiyo utaona ni nusu albamu tu. Aprili 1978 Cheap Trick walikuwa na albamu tatu na nyumbani bado hawajashika, walikuwa wanafungulia mabendi makubwa kama Kiss. Wakaenda Japani, kule wakapokelewa kama wafalme, wakapiga ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 28 na 30, ikarekodiwa, na Oktoba ikatoka albamu At Budokan, ya soko la Japani peke yake. Hakukuwa na mpango wa kuileta Marekani! Sasa watu wakaanza kuagiza za Japani, bei ya juu na bado zinaisha, inatajwa zaidi ya nakala elfu 30 ziliingia kwa njia hiyo, ndo Epic wakachomoa nyimbo saba wakawachapishia redio hii sahani ili zipigwe. Redio wakapiga, wasikilizaji wakapiga simu, na Februari 1979 albamu nzima ikaingia madukani Marekani, ikafika namba 4 kwenye chati ya Billboard ya Marekani, na I Want You to Want Me ikafika namba 7. Ule wimbo ulikuwa umeshatoka 1977 ukiwa umerekodiwa studio na huku haukwenda popote. Hata albamu yao iliyofuata, Dream Police, ilikuwa tayari ikabidi isubiri mpaka Septemba kwa sababu hii ya Budokan ilikuwa bado inauza.

Haya, nakala yangu.

Muuzaji aliandika VG+, yaani daraja la hali ya santuri, nzuri sana na zaidi kidogo. Sio VG+, ni VG ya kawaida, daraja la chini yake, na alifanya kosa ambalo linaniuma sana kwa wauza santuri, aliituma sahani ikiwa ndani ya kava. Njiani ikawa inapigapiga, kava likapasuka upande wa juu kama sentimita 12. Ukinunua mwambie muuzaji kabla hajafunga mzigo, sahani itoke nje ya kava, ilazwe nyuma yake, afu makaratasi magumu pande zote mbili. Ni kazi ya dakika moja na kava la miaka zaidi ya arobaini linabaki salama. Nilimwandikia, akanirudishia dola 8, hapo yameisha.

Nikaiosha kwa maji yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, nikaiacha ikauke usiku mzima. Asubuhi nikaiweka kwenye pleya, uzito wa sindano gramu mbili, na upande wa kwanza ukaanza vizuri kabisa, mlio wa vumbi kidogo tu. Afu ikafika I Want You to Want Me, na pale mwanzo, mwimbaji wao Robin Zander anapoutambulisha wimbo na umati unapiga kelele, ikaja shhhhhh nzito, kama kitunguu kikiingia kwenye mafuta ya moto. Sekunde tatu hivi. Bendi ikaingia, ikasafika.

Nikadhani ni uchafu, nikaosha tena, wapi. Ndo nikaitoa nikaishika chini ya taa ya meza, nikaigeuza polepole, nikaona mwanzoni mwa huo wimbo tu kuna utepe mwembamba wa kijivu, umefifia, wakati kulia na kushoto sahani inang'aa nyeusi. Hiyo sio mikwaruzo, ni mkono wa mtangazaji. Enzi hizo wimbo haukuanza kwa kubonyeza. Dijei anashusha sindano, anaizungusha sahani kwa kidole mpaka asikie sauti ya kwanza, anairudisha nyuma nusu duara, anasubiri, akimaliza kuongea anaiachia na wimbo unaingia palepale anapotaka. Kila akifanya hivyo sindano inakwenda mbele na kurudi kwenye mstari uleule na mstari unalika. Mara moja haionekani. Ili ulike mpaka uonekane kwa macho inabidi umerudiwa na kurudiwa.

Na kwenye lebo yangu mtu ameweka alama kwa kalamu ya bluu, mstari mdogo pembeni ya nyimbo mbili na nyota pembeni ya I Want You to Want Me. Nilipoangalia zile nyimbo zingine chini ya taa, zile mbili zina kijivu kidogo, nne zilizobaki hazina kitu. Yaani kalamu na sahani zinasema jambo moja. Aisee nilikaa nimeishika hivyo muda mrefu. Hesabu za Billboard nilizijua siku zote, ila huyu hapa ni mtu mmoja kwenye kibanda cha stesheni aliyeupenda wimbo ambao ulishakataliwa mara moja, akaurudia tena na tena mpaka akaula. Mi nimekulia Tanga na redio ya mzee mezani, bendi zetu zilirekodi RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, na ukitaka wimbo ulikuwa unasubiri mtangazaji aupige, kwa hiyo nguvu ya huyo mtu naijua vizuri.

Sauti yenyewe? Nzuri sana. Ule wa studio ni mwepesi, umetulizwa, hapa unakimbia, gitaa la Rick Nielsen linakwaruza inavyotakiwa, besi ya Tom Petersson nene, ngoma za Bun E. Carlos hazipotei hata umati ukizidi, na wale wasichana wa Tokyo wanaitikia neno la mwisho la mstari kwa pamoja mpaka ni kama wamo kwenye bendi. Kwenye spika zangu ndogo nasikia ukubwa wa ukumbi. Nikiiweka na nakala yangu ya kawaida ya At Budokan sioni ipi inaishinda nyenzake kwa sauti, kwa hiyo anayetaka muziki tu achukue ile ya kawaida, ina nyimbo kumi na imejaa kila duka la mitumba.

Naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja imekatwa na kava. Ukiiona popote omba picha ya sahani chini ya taa, ikiinamishwa, uone mwanzo wa kila wimbo, na uliza kama namba iliyochongwa kwenye sahani karibu na lebo inalingana na iliyochapwa kwenye lebo. Wengi wanakimbia yenye alama za kalamu wanatafuta safi. Mi ningechagua hii tena.

Kava nimeliziba kwa ndani kwa gundi ya karatasi. Sahani nimeihamishia kwenye mfuko mpya, ila ule wa zamani nimeuweka nyuma yake humohumo, maana pembeni una mwandiko wa ile kalamu ya bluu.